Mtoto kaumia mpirani? Acha kwanza hayo maji ya moto

Msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA, ile michezo ya shule za msingi na sekondari, ukianza tu, huku kwetu fiziotherapia foleni inabadilika sura, wanajaa vijana wa miaka 11 mpaka 17 na magoti yao, enka zao, visigino vyao, na wengi hawaji siku waliyoumia, wanakuja wiki mbili tatu baadae wakiwa wameshakandwa maji ya moto, wameshachuliwa na bibi wa jirani na wameshacheza mechi nyingine juu ya maumivu yaleyale. Kwa hiyo leo naongea na wazazi na makocha wa mchangani, maana shida nyingi tunazoziona zinaanza pale tunapomchukulia mtoto kama mtu mzima mwenye kimo kifupi.

Tuanze na mifupa. Mtoto anayekua, karibu na ncha za mifupa yake mirefu kuna tabaka la gegedu, hapo ndipo mfupa unaporefukia, na halifungi mpaka amalize kubalehe. Hilo tabaka ni dhaifu kuliko ligamenti zinazoshika kiungo. Sasa kaka mtu wa miaka 25 akiingiza mguu kwenye shimo la uwanja ligamenti inachanika, tunasema kateguka, lakini mdogo wake wa miaka 12 akiingia shimo hilohilo panaweza kupasuka palepale mfupa unapokulia, na kwa nje huwezi kuwatofautisha, enka imevimba na hakanyagi. Ukimchua kwa nguvu hapo unazidi kuharibu, na pakiharibika mfupa unaweza kuacha kukua au ukakua umepinda, na hilo hulioni leo, unakuja kuliona miezi mingi baadae mguu mmoja mfupi.

Kwa hiyo mtoto akishindwa kupiga hatua nne, au ukibonyeza mfupa wenyewe anaruka kwa maumivu, mpeleke akapigwe eksirei. Siku mbili tatu za kwanza ni barafu iliyozungushiwa kitambaa, dakika 15 hivi kwa awamu, mguu unainuliwa, basi, joto na kuchua visubiri. Na kama ulishampeleka kwa fundi wa mifupa akafungwa vijiti sina ugomvi na wewe, ila angalia vidole kila mara, vikiwa vya baridi, vina ganzi au vinabadilika rangi, au mtoto analia maumivu yanazidi, fungua saa hiyohiyo uje hospitali, usiku usiku. Damu haipiti hapo. Kuna miguu inakatwa kwa sababu ya bandeji iliyokazwa tu, wala sio kwa sababu ya ule mfupa uliovunjika.

Kuna hili lingine halina ajali yoyote. Kijana yuko miaka 12 au 13, anarefuka kwa kasi, mara goti linaanza kuuma na chini ya pia ya goti panatokea kinundu. Tunaita Osgood-Schlatter, na ikiwa kisigino kwa wadogo zaidi tunaita Sever, majina ya kutisha lakini maana yake ni kwamba msuli unavuta sehemu ya mfupa ambayo haijakomaa. Dawa kubwa hapo ni kupunguza mzigo. Sasa jamani mzigo wenyewe uangalieni, asubuhi timu ya shule, jioni akademi, Jumamosi bonanza, Jumapili kachukuliwa akazibe nafasi kwenye ndondo ya wakubwa kwa sababu eti anajua mpira! Kipimo rahisi tunachowapa wazazi ni kwamba masaa ya mazoezi na mechi kwa wiki yasizidi umri wake, wa miaka 12 basi masaa 12, na siku moja au mbili za wiki asiguse mpira kabisa.

Na wale wa kupunguza umri nao wamo humu. Tunakumbuka Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya U-17, ilivyoondolewa mashindano ya Afrika kwa ajili ya umri mwaka 2005, na tangu 2009 FIFA wanapima vifundo vya mikono kwa MRI, kipimo cha picha kinachoonyesha kama mfupa umeshafunga, kwenye Kombe la Dunia la U-17. Watu wanaliongelea kama udanganyifu tu, mimi naliona kama ajali, kuna mtoto wa kweli wa miaka 14 anaenda kugongana na mwanaume wa miaka 19.

Kichwa sasa. Mtikisiko wa ubongo mara nyingi hauji na kuzimia, wengi hawazimii kabisa, anaamka vizuri tu halafu anauliza matokeo mara mbili, au anaona ukungu, kichwa kinamgonga, anataka kutapika. Kumwagia maji na kumrudisha ndani ni hatari, akigongwa tena kabla ubongo haujapona inaweza kumuua. Atoke, siku hiyo harudi, na kurudi kwake ni kwa hatua hatua na kwa ruhusa ya daktari. Kwa mipira ya vichwa, Marekani walishawazuia watoto wa miaka 10 kushuka chini, na Uingereza tangu 2020 watoto wa umri wa shule ya msingi hawafundishwi kupiga vichwa mazoezini. Makocha wetu wangeiga, hakuna kombe la mtoto wa miaka 9 linaloamuliwa na kichwa.

Wasichana nao, tangu Serengeti Girls, timu yetu ya wasichana, wafike robo fainali ya Kombe la Dunia la U-17 kule India 2022 wanacheza wengi zaidi na nafurahi sana, ila goti la msichana aliyebalehe linachanika ACL, ligamenti ya katikati ya goti, kirahisi kuliko la mvulana, hasa anapotua au kugeuka ghafla. Afundishwe kutua magoti yakiwa yamekunjwa na yasiingie ndani. Inafundishika kabisa.

Ndo inakuja ile FIFA 11+, mazoezi ya kupasha ya dakika 20 hivi, kukimbia, nguvu, mizani ya mwili na kuruka, na unahitaji uwanja tu na mpira. Utafiti wa Lagos, Nigeria, kwenye ligi ya vijana, uliotoka 2014, timu zilizofanya majeraha yao yalipungua kwa asilimia 41, na Lagos sio Ulaya, viwanja ni kama hivi vyetu. Watoto chini ya miaka 14 wana ya kwao, 11+ Kids. Kocha anayesema hana muda, aifanye badala ya ile mizunguko mitano ya uwanja anayowakimbiza, mara mbili kwa wiki inatosha kuanzia, na video zipo mtandaoni bure.