Wiski ya miaka 30 si lazima iipite ya miaka 12
Wengi huamini kuwa kadiri wiski inavyozeeka ndivyo inavyonoga, na kwamba bei yake ni ushahidi. Sivyo. Bei hupima uhaba kwanza.

Chukua pipa moja la mwaloni la lita 250 katika ghala la Uskoti. Kila mwaka karibu asilimia 2 hupotelea hewani kupitia mbao. Hasara hiyo wenyewe huiita fungu la malaika. (Malaika hao hawana haya.) Baada ya miaka 30 hubaki lita kama 136, yaani chupa zisizofika 200 za mililita 700. Pipa likiisha, limeisha: hakuna jingine litakalotoa ladha ileile, hata kama yalijazwa siku moja na kulazwa ubavu kwa ubavu. Hapo ndipo mnunuzi anapofungua pochi.

Ladha ni habari nyingine. Mbao hutoa vanila na harufu ya viungo, lakini muda ukizidi, hasa pipa likiwa jipya, wiski hukakamaa na kuwa chungu, kama chai ya rangi iliyosahauliwa ikiwa na majani yake. Pipa lililokwisha kutumika mara kadhaa huvumilia zaidi. Kilevi nacho hushuka, na kikiwa chini ya asilimia 40 sheria hairuhusu iuzwe kama wiski ya Uskoti. Ndiyo maana watunza ghala huonja mara kwa mara, na mapipa mengine huyatoa yakiwa na miaka 12 tu.

Na ile chupa uliyoificha kabatini tangu 2005? Umri wake ulisimama siku wiski ilipotoka kwenye pipa.