Slaidi moja kwa dakika moja? Hiyo si kanuni

"Ukipewa dakika 10, andaa slaidi 10." Ujumbe huu hauishi kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Nairobi, hasa mtu akisema ana hotuba kesho.

Slaidi haina saa ndani yake. Kinachokula muda ni maneno. Picha ya foleni ya magari Thika Road yatosha sekunde tano, ilhali jedwali la bajeti laweza kumeza dakika tatu. Upo hata mtindo wa kuwasilisha mada uitwao PechaKucha, ulioanzia Tokyo mwaka 2003: slaidi 20, kila moja sekunde 20, jumla dakika 6 na sekunde 40.

Jipime mwenyewe. Simama, washa saa ya simu, useme hotuba yote kwa sauti. Kusoma kimoyomoyo hudanganya, maana macho hukimbia kuliko ulimi. Ikizidi, punguza hoja, usiharakishe. Bakiza na dakika ya projekta kugoma (hugoma!).

Mkanganyiko unatokana na kwamba kadirio hilo huwafaa baadhi ya watu, wenye slaidi zinazofanana uzito. Likasambazwa bila maelezo, likawa sheria. Ukiletewa tena, tafadhali usilisambaze. Mwambie aliyekutumia ajaribu kwanza na saa.