Shingo nyeusi, ndevu na chunusi: PCOS inavyojionyesha kwenye ngozi

Kuanzia Juni hadi Agosti, Mbeya, Makete na Njombe ni sweta na mitandio, na shingo ya binti inaweza kukaa muda mrefu bila mtu kuiona. Siku mama akiiona imekuwa nyeusi, anachukua dodoki na sabuni. Anasugua mpaka ngozi inachubuka, weusi uko palepale. Jamani, huo si uchafu. Unaweza kuwa dalili ya PCOS.

PCOS (kwa Kiingereza, polycystic ovary syndrome) ni hali ambayo mara nyingi mwili wa mwanamke huwa na homoni za kiume, yaani androjeni, kupita kiasi, huku mayai yakishindwa kukomaa na kutoka kila mwezi. Kila mwanamke anazo homoni hizo kidogo. Shida ni zikizidi. Vifuko vinavyoonekana kwa ultrasaundi kwenye ovari, yaani sehemu zinazotoa mayai, ni vya mayai yaliyoishia njiani, si uvimbe wa kukatwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa asilimia 10 hadi 13 ya wanawake wenye umri wa kuzaa wanayo, na hadi asilimia 70 kati yao hawajagunduliwa.

Turudi shingoni. Ngozi hiyo ukiipapasa ni nene na laini kama mahameli. Mara nyingi iko nyuma ya shingo, kwapani na kwenye kinena, na huweza kuota vinyama vidogo vinavyoning'inia. Chanzo ni insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Mwili ukiacha kuiitikia vizuri, kongosho huitoa kwa wingi zaidi. Ikijaa kwenye damu, huchochea seli za ngozi kuzaliana, na wakati huohuo huzisukuma ovari zitengeneze androjeni. Ndiyo maana shingo na kidevu huweza kubadilika pamoja. Shingo nyeusi huwapata hata wanaume na watoto wasio na PCOS, hasa wenye uzito mkubwa, kwa hiyo kwa yeyote kipimo cha sukari ni muhimu.

Chunusi za PCOS hupenda kidevu, taya na shingo. Ni kubwa, zinauma, na mtu huvuka miaka 25 akiwa bado anazo. Ndevu nazo ni nywele nene, nyeusi, kidevuni, juu ya mdomo, kifuani au chini ya kitovu. Vinyweleo laini vya mikononi havihesabiwi. Wapo wanaosema mwanamke mwenye ndevu ana bahati. Maneno hayo yasimzuie mtu kwenda kupimwa. Kichwani, nywele hupungua utosini na njia ya katikati hupanuka. Kusuka kwa kubana sana hukata zaidi zile za pembeni mwa uso.

Naomba sana tuache kukimbilia mkorogo. Krimu nyingi za kung'arisha zina dawa kali za steroidi ambazo zenyewe huleta chunusi na kuotesha nywele usoni. Kama umeshapaka, mwambie daktari wazi, maana bila hivyo anaweza kukosea chanzo.

Ngozi peke yake haitoshi kuthibitisha. Tangu mwaka 2003 madaktari hutafuta mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, kwa mfano inayopishana zaidi ya siku 35, dalili au kipimo cha androjeni kuzidi, na ovari zenye vifuko vingi. Pia hupima tezi ya shingo na homoni ya maziwa, kwa sababu nazo huvuruga hedhi. Binti aliyevunja ungo juzijuzi asiharakishiwe jina hili: hedhi yake bado inajipanga, na ultrasaundi kwa umri wake hupotosha.

Anzia kituo cha afya cha karibu, uombe rufaa ikihitajika. Mwenye uzito mkubwa akipunguza hata asilimia 5, hedhi huweza kuanza kurudi. Kupunguza chai ya sukari nyingi na soda ni pazuri pa kuanzia. Zipo dawa za kupanga homoni na za kusaidia insulini, na wengi wanaotaka mtoto hupata wakitibiwa. Ndevu huchukua miezi 6 au zaidi kupungua, usiache dawa mapema.

Ila ndevu zikijaa ghafla ndani ya miezi michache na sauti ikawa nzito, usisubiri. Huenda ni uvimbe unaotoa homoni. Nenda hospitali wiki hiyohiyo.