Riwaya za machozi na vita dhidi ya utumwa: dhana potofu na ukweli

Eti zilikuwa hadithi za kuliza watu tu, hazina hoja

Machozi ndiyo yaliyokuwa hoja. Mwaka 1850 Bunge la Marekani lilipitisha Sheria ya Watumwa Watoro, iliyowabana hata watu wa majimbo yasiyo na utumwa wasaidie kumkamata aliyetoroka. Mwandishi Mmarekani mweupe, Harriet Beecher Stowe, kwa kuwa mwanamke hakuwa na haki ya kumpigia kura mbunge yeyote. Alikuwa na kalamu, na kidonda kibichi: mwaka 1849 kipindupindu kilimwondoa mwanawe mchanga, Charley, mjini Cincinnati.

Kidonda hicho ukitafute ndani ya Uncle Tom's Cabin, riwaya yake iliyotoka mwaka 1852. Seneta Bird amerudi nyumbani baada ya kuunga mkono sheria ya kuwanyima watoro msaada, na mkewe anamkabili. Mara wanamkuta Eliza, mtumwa aliyetoroka, jikoni, amezimia, mtoto wake kando. Amevuka mto Ohio kwa kuruka kutoka pande moja la barafu hadi jingine, miguu inatoka damu. Seneta anataka kujua kilichomtoa kwa bwana ambaye hakumtesa. Eliza anamgeukia Mama Bird na kumuuliza: mama, umewahi kufiwa na mtoto? Nyumba ile ilikuwa imezika mtoto mwezi mmoja tu uliopita. Baadaye mama yule anafungua droo aliyokuwa ameifunga: vikoti, soksi, viatu vidogo vilivyolika nchani. Anavitoa ampe mtoto wa Eliza. Usiku huohuo seneta anawapakia garini na kuwatorosha mwenyewe. Sijui hotuba ya bungeni ambayo ingefanya kazi ya viatu vile.

Eti Rais Lincoln alimwambia Stowe kuwa ndiye aliyewasha vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani

Walionana Washington mwaka 1862, lakini maneno hayo hayakuandikwa na yeyote wakati ule. Yalichapishwa miongo mingi baadaye, Lincoln akiwa kaburini. Uzito wa kitabu upo kwenye mambo yenye ushahidi. Marekani peke yake ziliuzwa nakala zipatazo 300,000 katika mwaka wa kwanza. Na mwaka 1857, huko Maryland, mhubiri mweusi aliyekuwa huru, Samuel Green, alihukumiwa kifungo cha miaka 10 kwa kukutwa na kitabu hicho nyumbani kwake. Miaka kumi kwa riwaya! Wenye watumwa walijua vizuri walichokuwa wanakiogopa.

Eti Tom, mtumwa anayebeba jina la kitabu, alikuwa kibaraka wa wazungu

Huyo ni Tom wa majukwaani, maana michezo ya kuigiza ilimgeuza ilivyotaka. Tom wa riwayani anapigwa hadi kufa kwa sababu amekataa kusema wanawake wawili, Cassy na Emmeline, wamejificha wapi. Kitabu kina kasoro, hilo silifichi: mwishoni George Harris, mume wa Eliza, na familia yake wanapelekwa Liberia, kana kwamba Marekani haikuwa kwao. Martin Delany, mwandishi mweusi wa wakati huohuo, alimkosoa Stowe waziwazi.

Eti wanawake weupe ndio waliowasemea weusi

Hii ndiyo inayoniuma zaidi. Stowe alitaka kuyatia maisha ya Harriet Jacobs, mwanamke mweusi aliyetoroka utumwani, ndani ya kitabu chake mwenyewe. Jacobs akakataa, akayaandika kwa mkono wake, yakatoka mwaka 1861. Alijua kuzungumza na wasomaji wa kike, mama kwa mama, lakini aliyoyaeleza yalikuwa ya kweli tupu. Hata hivyo, kwa muda mrefu wasomi walidhani ni riwaya iliyotungwa na mhariri wake mweupe, Lydia Maria Child, mpaka miaka ya 1980 barua za Jacobs zilipothibitisha kuwa ni mambo yaliyompata. Kwa karibu miaka saba alijificha chini ya paa la banda lililoungana na nyumba ya bibi yake, mahali ambapo hakuweza hata kusimama. Akatoboa vitundu ukutani. Kupitia vitundu hivyo aliwaona wanawe wakicheza chini, nao hawakujua kuwa mama yao yuko juu.