Je, wajua mionzi hulengaje uvimbe unaopanda na kushuka kwa kila pumzi?

Lala chali, weka kiganja chini ya mbavu, kisha vuta pumzi ndefu. Tumbo linapoinuka, huko ndani ini na figo vinasukumwa kuelekea miguuni. Juu ya kila figo imekaa tezi ndogo iitwayo adrenali, yenye uzito wa gramu 4 hadi 5 tu, nayo husukumwa pamoja na jirani zake. Ukishusha pumzi, inarudi ilikokuwa. Sasa chukulia kwamba saratani imeota ndani ya tezi hiyo, na daktari anataka kuipiga mionzi mikali bila kuuunguza utumbo ulio kando yake.

Mara nyingi saratani ya hapo ni mgeni. Imekuja na damu kutoka kwenye mapafu, titi, figo au ngozi. Adrenali hupata damu nyingi mno kwa udogo wake, kwa kuwa mishipa huiingia kutoka pande tatu, kwa hiyo seli zinazozurura hufika kwa urahisi. Mgonjwa huenda asisikie chochote, hadi CT skani (picha za ndani ya mwili kwa eksirei) ya kufuatilia maendeleo yake ionyeshe uvimbe.

Kwa miaka mingi, saratani ikishasambaa, tegemeo lilikuwa dawa zinazozunguka mwili mzima. Mwaka 1995 madaktari wa saratani Samuel Hellman na Ralph Weichselbaum wa Chicago walitoa hoja kwamba ipo hali ya katikati: saratani imeshatoka ilikoanzia, lakini imetua mahali pachache panapohesabika, na pengine inafaa kupashambulia pamoja. Mwaka huohuo Henric Blomgren na Ingmar Lax wa hospitali ya Karolinska, Stockholm, walichapisha matokeo ya kulenga uvimbe wa mwilini kwa mionzi mikali ya mara chache. Msweden mwenzao, daktari wa upasuaji wa ubongo Lars Leksell, alikuwa ameshaonyesha njia hiyo kwenye ubongo. Ila kichwa unaweza kukifunga kikatulia, tumbo halifungiki. Ndiyo maana walitengeneza fremu ya kumlaza mgonjwa, yenye kibao cha kubana tumbo ili pumzi iwe fupi.

Kubana tumbo kungali kunatumika, lakini sasa zipo njia nyingine pia. Mgonjwa hupigwa CT mfululizo akiwa anapumua kawaida, na wataalamu wakachora njia yote anayopita uvimbe. Pengine huambiwa azuie pumzi kwa sekunde chache na mionzi itoke wakati huo tu. Baadhi ya mashine zina MRI (kifaa cha kupiga picha kwa sumaku) ndani yake na hukata mionzi zenyewe uvimbe ukitoka kwenye shabaha.

Mionzi yenyewe huja kutoka pande nyingi. Fikiria watu wengi wameshika tochi hafifu katika chumba chenye giza, wote wakimulika doa moja ukutani: kila mwanga peke yake ni mdogo, lakini doa linang'aa. Kwa mionzi ya kawaida mgonjwa hupata takribani grei 2 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) kwa siku, wiki hadi wiki. Hapa huja mara 3 hadi 5 tu, na kila mara huweza kupata grei 8 au zaidi.

Kinachowanyima madaktari usingizi ni majirani. Mfuko wa chakula na utumbo mwembamba vikizidishiwa dozi huweza kupata vidonda, hata kutoboka. Ndiyo sababu wagonjwa wengi huambiwa wasile kwa saa kadhaa kabla ya tiba, maana tumbo lililoshiba hubadili umbo na kusogea. Uvimbe ukigusana na utumbo, upande huo hupunguziwa dozi kwa makusudi, hata kama seli chache zitaponyoka. Naona huo ni uamuzi wa busara.

Je, inasaidia? Utafiti wa SABR-COMET, uliotangazwa mwaka 2019, uliwafuatilia watu 99 wenye saratani iliyosambaa sehemu zisizozidi 5, zikiwemo adrenali. Baada ya miaka 5, kati ya waliopigwa mionzi hiyo asilimia 42 hivi walikuwa hai, na wasiopigwa asilimia 18 hivi. Lakini wagonjwa 3 kati ya 66 waliopigwa mionzi hiyo walifariki kwa madhara ya tiba, na hilo mgonjwa ana haki ya kuambiwa kabla hajasaini fomu.

Kama tezi zote mbili zimeguswa, kuna jambo jingine la kufuatilia. Adrenali hutengeneza kotisoli na homoni nyingine, na zikipungua mtu huchoka kupita kiasi, huona kizunguzungu akisimama na hutamani chumvi; Thomas Addison alieleza ugonjwa wa tezi hizi zilizoharibika huko London mwaka 1855. Kotisoli hupimwa kwa damu ya asubuhi, na upungufu wake hutibiwa kwa vidonge vya haidrokotisoni. Anayevitumia asiviache ghafla, na akishikwa na homa kali au akitapika awaambie wahudumu mara moja kwamba anavitumia, kwa sababu siku hizo mwili huhitaji dozi kubwa zaidi.