Cherehani imekaza? Weka chini hayo mafuta ya alizeti

Mwezi huu nimeletewa cherehani ya tatu inayonuka kikaango. Ni Singer nyeusi ya mguu, ya mama mmoja wa Mbagala. Ilikaa stoo miaka, alipoitoa gurudumu halizunguki. Jirani akamshauri, "Mwagia mafuta ya alizeti, mafuta ni mafuta." Siku mbili ikazunguka, baadaye ikakaza kuliko mwanzo.

Jamani, mafuta si mafuta! Ya alizeti yakikutana na hewa hunata kama ulimbo, kisha hukauka yakawa utando mgumu wa njano. Tazama ubavuni mwa kikaango cha siku nyingi, ule utando usiotoka hata kwa steelwaya ndio huo. Kwenye cherehani unakaa kati ya mhimili na tundu lake, mahali ambapo hata unene wa karatasi haupiti. Mafuta ya cherehani yanatokana na mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini, ni mepesi na hayagandi namna hiyo. Kichupa kimoja kinakaa muda mrefu, sioni sababu ya kukimbilia jikoni.

Ndiyo maana nikiambiwa "fundi, imeliwa na kutu" siamini mpaka nione. Kweli, hewa ya pwani inaleta kutu, lakini nyingi ninazofungua zimekabwa na mafuta ya zamani tu. Dawa yake ni mafuta ya taa na subira. Fanyia nje, mbali na jiko na sigara. Ya umeme, chomoa waya kwanza na mota usiilowanishe. Toa sindano na bobini (kile kigurudumu cha uzi wa chini), vuta nyuzi zilizojiviringisha huko chini, dondoshea mafuta ya taa kila tundu la mafuta na kila chuma kinaposuguana na chuma. Iache usiku kucha. Asubuhi tikisa gurudumu kidogo mbele na nyuma, bila kulazimisha. Ikikataa, rudia. Mimi huzipa hata siku nne, na wateja wananinunia, lakini zinafunguka. Ikishafunguka usiishie hapo, maana mafuta ya taa yanaosha na kuacha chuma kikavu. Futa, tia mafuta ya cherehani tone moja kila tundu, kisha shonea kitambaa chakavu mpaka madoa yaishe.

Nyundo iache kabisa. Mwili wa hizi za zamani ni chuma cha kumiminwa, hakipindi, kinapasuka. WD-40, ile dawa ya kupuliza ya kulegeza vyuma, nayo inasaidia kufungua, ila sehemu kubwa yake hupotea hewani. Si mafuta ya kushonea.

Gurudumu linazunguka lakini sindano imesimama? Kabla hujaambiwa gia zimekatika, kaza ile skrubu kubwa ya katikati ya gurudumu. Mtu aliilegeza akijaza bobini, akasahau.

Na tafadhali, yale maua ya dhahabu kwenye mwili wa cherehani msiyasugue kwa spiriti. Inayeyusha vanishi ya juu na maua yanaondoka nayo, hayarudi. Kitambaa laini chenye tone la mafuta ya cherehani kinatosha.

Ya yule mama ilifunguka siku ya tano. Imebaki kubadilisha mkanda wa ngozi, kwa sababu nao aliutia alizeti na sasa unateleza juu ya gurudumu.