Dhamana si faini, naandika kwa mara ya mwisho

Jumamosi nilikuwa harusini Kisauni, sahani ya biriani mkononi, shemeji wa bwana harusi akanijia na lile swali. "Wakili, yule kijana wa mtaani kwetu si alilipiwa laki moja akaachiwa? Sasa mbona korti yamwita tena? Pesa mmekula, na mtu bado mwamtaka?" Meza nzima ikacheka. Biriani yangu ikapoa.

Nimekuwa nikitetea kesi za jinai hapa Mombasa na Shanzu kwa miaka, na swali hilo nimelijibu matangani, kwenye matatu, hata kwa daktari wa meno nikiwa nimepanua kinywa. Leo naliandika ili atakayeuliza tena nimtumie makala hii, mimi niendelee kula.

Kijana hakulipa faini. Faini hutozwa mtu aliyekwisha kupatikana na hatia, na ikishalipwa imekwenda. Dhamana huwekwa na mtu ambaye kwa Ibara ya 50 ya Katiba bado hana hatia yoyote. Ile laki ni rehani. Anaiweka, anakwenda kwao, anarudi kila siku anayotakiwa mpaka kesi iishe, kisha pesa zinarudi. Zinarudi hata akifungwa. Hili la mwisho nikilisema watu hunitazama kama muuza dawa za kienyeji, lakini ndivyo lilivyo: pesa hazikuwekwa kwa ajili ya kosa, ziliwekwa kwa ajili ya kurudi. Karudi, basi.

Na wale wanaolia kwamba "majambazi wanaachiwa": Ibara ya 49(1)(h) inampa mtu aliyekamatwa haki ya kutoka kwa bondi, yaani ahadi ya kulipa asiporudi, au kwa dhamana, kwa masharti yanayofaa, isipokuwa kuwe na sababu nzito za kumzuia. Katiba ya kabla ya 2010 ilifunga mlango kabisa kwa makosa ya kunyongwa, yaani mauaji, uhaini na wizi wa mabavu. Hii ya sasa imeufungua. Mshtakiwa wa mauaji akitoka kwa bondi haina maana jaji kahongwa. Ina maana upande wa mashtaka haukuonyesha sababu nzito, kwa mfano kwamba atatoroka au atawatisha mashahidi. Soma pia 49(2): kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi sita, mtu hawekwi rumande. Hayo ndiyo rahisi.

Kinachonikosesha usingizi ni yale maneno mawili, "masharti yanayofaa". Kifungu cha 123 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai kinasema kiasi cha dhamana kizingatie hali ya kesi na kisipindukie. Kisipindukie! Neno hilo lilikuwamo katika Sheria ya Haki ya Uingereza ya 1689, likaingia katika rekebisho la nane la katiba ya Marekani mwaka 1791, likatufikia na sisi, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyetuambia ni shilingi ngapi. Hakimu ana faili arubaini asubuhi ile. Mshtakiwa anasimama kizimbani dakika tano. Anaulizwa anafanya kazi gani, anajibu "biashara ndogo ndogo", na kutokana na jibu hilo mtu mzima aliyesomea sheria anatakiwa ajue laki moja itamrudisha au itamfunga.

Nikupe mfano wa kila wiki. Mama muuza nguo za mitumba, ameshtakiwa kosa dogo la udanganyifu. Hakimu anasema: dhamana ya pesa taslimu shilingi 50,000, au bondi ya shilingi 200,000 na mdhamini mmoja wa kiasi hicho hicho. Gazetini itasomeka vizuri, kapewa hiari mbili. Haya, tuzikague. Elfu hamsini taslimu hana, angekuwa nazo asingeuza mitumba juani. Bondi haitaki pesa mkononi, ndiyo maana jamaa husema "ni karatasi tu". Karatasi yenyewe ni hati miliki ya ardhi au logibuku ya gari, jina la mdhamini liwe juu yake, ikaguliwe kama ni halali, ithaminiwe, kisha mdhamini ahojiwe na hakimu. Huku Pwani nani ana hati miliki? Familia zimekaa mahali pamoja vizazi vinne, minazi waliipanda mababu, na cheti hawana. Mzozo huo wa ardhi una mizizi katika sheria ya umiliki ya mwaka 1908, na kila nikisimama kuomba masharti yapunguzwe naukuta umekaa nami kizimbani. Mwenye hati naye, hati iko kwa jina la marehemu babu na mirathi haijafunguliwa. Kwa hiyo bondi ya laki mbili, ambayo kwa mtu wa mjini mwenye ploti ni asubuhi moja ya usumbufu, kwa mama huyu ni ukuta. Atalala gereza la Shimo la Tewa kwa kosa ambalo pengine mwishowe angepewa onyo.

Hapo ndipo ninapobishana na mawakili wenzangu. Wao hupima kupindukia kwa uzito wa kosa: kaiba milioni mbili, basi dhamana milioni moja ni ya haki. Mimi nasema thamani ya mali iliyoibwa inahusu adhabu, na adhabu haijafika. Dhamana ina kazi moja, kumrudisha mtu, na kipimo chake ni mfuko wa mtu huyo na mafungamano yake: ana watoto shuleni, ana kibanda sokoni, mamake yu hai? Ndiyo maana napenda ripoti ya afisa wa probesheni kabla ya dhamana kupangwa. Huenda mpaka nyumbani, huwauliza majirani na mzee wa mtaa. Huchukua siku kadhaa, kweli, na siku hizo mteja yumo ndani akinilaani.

Sasa nikiri. Mwaka fulani nilipigana mpaka Mahakama Kuu, ambayo ina uwezo wa kupunguza dhamana iliyopangwa na mahakama ya chini, nikampunguzia kijana mmoja kutoka laki tatu hadi elfu thelathini. Ana mke, ana kazi bandarini, ana kila kitu nilichokitaja hapo juu. Tarehe ya pili hakuonekana, na hajaonekana mpaka leo. Aliyeweka zile elfu thelathini alikuwa mjomba wake, mvuvi, akaitwa aeleze kwa nini pesa zisichukuliwe na serikali. Zikachukuliwa. Hakimu hakuniambia kitu, alinitazama tu juu ya miwani. Laki tatu ingemrudisha? Nadhani ingemweka ndani, na aliye ndani hatoroki, lakini hiyo si hoja ya kisheria.

Faini nazo zina kichekesho chake. Kifungu cha 28 cha Kanuni ya Adhabu kinasema pale sheria isipotaja kiwango, faini haina ukomo, ila isipindukie. Neno lile lile. Kisha kinatoa jedwali la kifungo kwa anayeshindwa kulipa: faini isiyozidi shilingi 500, siku 14, na jedwali linapanda hadi miezi 12 kwa faini ya zaidi ya shilingi 50,000. Ngazi inaishia hapo. Aliyetozwa elfu sitini na aliyetozwa milioni tano, wote wakishindwa, kilele chao ni mwaka mmoja, isipokuwa sheria mahususi iseme vingine. Na zipo zinazosema vingine kwa kishindo. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 ilikuja na faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo cha maisha, kwa kosa linalohusu wanyama walio hatarini kama ndovu. Sijapata kuona mteja aliyeilipa. Faini isiyolipika ni kifungo kilichovaa kanzu ya faini.

Na maadamu tumefika kwenye adhabu, zile za kikatili nitazipitia mbio, maana zataka makala yake. Ibara ya 29 ya Katiba inazikataza na ya 25 inasema haki hiyo haipunguzwi kwa sababu yoyote. Na jamani, uamuzi wa Desemba 2017 wa Mahakama ya Juu, iliyo kilele cha mahakama zetu, katika kesi ya Muruatetu haukufuta hukumu ya kifo. Ulifuta ule ulazima wa kuitoa kwa kila aliyepatikana na hatia ya mauaji, na mwaka 2021 mahakama hiyo hiyo ikafafanua kwamba ilizungumzia mauaji tu.

Turudi harusini. Shemeji yule hakukosea kwa ujinga mtupu. Kesi ikiisha kwa faini, mara nyingi familia huomba zile pesa za dhamana zikatwe humo humo ili wasitafute nyingine, na aliyeziweka akikubali mahakama huzikata. Mtu wa nje anaona laki imeingia na haikutoka. Atajuaje?

Lakini asiyetozwa faini, akadai zake! Wengi hawadai. Risiti imelowa, imefungiwa maandazi, au mtoto kaichora. Na pesa hurudishwa kwa aliye na jina kwenye risiti, si kwa mshtakiwa. Yule kijana wa Kisauni, laki yake iliwekwa na huyo huyo shemeji. Nilipomwambia kwamba kesi ikiisha salama ni yeye atakayezichukua, akaweka sahani chini akaniuliza kama lazima kijana ajue.